Jinsi ya kutafuta protini ya mieloma kwenye seramu na mkojo

Kila anapoingia mtu mpya kwenye meza ya elektroforesisi, yaani kutenganisha protini kwa umeme kwenye jeli, maswali ni yale yale. Huu mstari ni wa kweli au ni uchafu? Protini jumla iko sawa, mbona daktari bado anataka mkojo? Kapa imepanda na lamda imepanda, niandike nini? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi mno, pipeti ikiwa mkononi. Sasa nayaweka hapa kwa mpangilio, uyafuate jeli ikiwa mbele yako.

Nadharia ni kidogo tu. Seli za plazma hukaa kwenye uboho na kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Kwa mtu mwenye afya seli hizo ni za koo nyingi, kila ukoo na kingamwili yake, ndiyo maana eneo la gama kwenye jeli huonekana kama ukungu mpana. Kwenye mieloma, saratani ya seli hizo, ukoo mmoja umezaana kupita kiasi na unamwaga protini ya aina moja. Molekuli zote zinafanana, zinasafiri mwendo mmoja, zinasimama mahali pamoja. Hapo ndipo unapoona mstari mwembamba uliokoza: hiyo ni protini M.

Kingamwili nzima ina minyororo mizito (gama ya IgG, alfa ya IgA, mu ya IgM, delta ya IgD au epsiloni ya IgE; usiyachanganye na majina ya maeneo ya jeli) na minyororo miepesi (kapa au lamda). Zaidi kidogo ya nusu ya wagonjwa wa mieloma wana IgG, karibu mmoja kati ya watano ana IgA, na 15 hadi 20 kati ya 100 hutoa minyororo miepesi peke yake. Hao wa mwisho ndio wanaotuponyoka. Minyororo miepesi ni midogo, figo huichuja haraka na kuimwaga kwenye mkojo, kwa hiyo seramu inaweza kuonekana safi kabisa huku figo zinaharibika. Kama utakumbuka jambo moja tu kutoka hapa, likumbuke hili: seramu safi haijamwondolea mtu mieloma.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Seramu, si plazma. Tyubu isiwe na dawa ya kuzuia damu kuganda.
- Mkojo wa saa 24 kwenye chombo kikubwa kisafi. Kwa uchunguzi wa kwanza, mkojo wa asubuhi unaweza kuanzia kazi.
- Jeli ya agarosi, bafa yenye pH 8.6, sanduku la umeme, rangi ya protini na kimiminika cha kuoshea.
- Antisira (kingamwili za kunasa protini fulani) za IgG, IgA, IgM, kapa na lamda. Za IgD na IgE ziwepo kwenye friji hata kama huzigusi kila wiki.
- Densitomita (kifaa cha kupima ukolezi wa mistari kwenye jeli), na mashine ya kupima protini jumla na albumini.
- Kontroli mbili: seramu ya kawaida, na seramu yenye protini M inayojulikana.
- Fomu yenye historia ya mgonjwa. Maumivu ya mgongo, mfupa uliovunjika bila sababu kubwa, upungufu wa damu, kreatinini iliyopanda, kalsiamu iliyopanda. Fomu tupu irudishe au piga simu. Ukisoma jeli bila historia, nusu ya ushahidi umeiacha mlangoni.

Hatua za kazi

1. Acha damu igande vizuri. Ipe dakika 30 hivi kwenye joto la chumba, kisha izungushe kwenye sentrifuji na utenge seramu. Usiwe na haraka hapa. Damu ambayo haijaganda sawasawa hubaki na faibrinojeni, protini ya kugandisha damu, na faibrinojeni hutua kati ya beta na gama ikiwa mstari mwembamba unaofanana sana na protini M. Kosa hili ndilo ninaloliona kuliko yote kwa wanaoanza. Tyubu ya heparini italeta tatizo hilo hilo.

2. Itazame seramu kabla ya kuigusa. Je, ni nyekundu? Seli zimepasuka, na hemoglobini italeta mstari wa uongo upande wa beta, au kati ya alfa 2 na beta ikiwa imeshikana na haptoglobini, protini inayoibeba. Je, inavutika kama uji mzito na kuziba pipeti? Andika hilo pembeni, huenda protini ni nyingi mno. Je, imekuwa kama jeli baada ya kukaa kwenye friji? Huenda kuna krayoglobulini, protini zinazoganda kwa baridi. Omba sampuli mpya, itunzwe kwenye nyuzi 37 tangu kutolewa mpaka seramu itengwe.

3. Pima protini jumla na albumini. Toa albumini kwenye protini jumla. Tofauti ikizidi 40 g/L, tega sikio. Lakini usiigeuze sheria hii: tofauti ndogo haimaanishi hakuna kitu.

4. Weka sampuli kwenye jeli. Kausha uso wa jeli taratibu kwa karatasi ya kufyonza, weka kiasi kile kile kwenye kila nafasi, acha kinywewe kwa muda uliotajwa kwenye karatasi ya vitendanishi vyako. Fuata vipimo vya karatasi hiyo, usichukue vya seti nyingine. Kontroli ziwe kwenye jeli hiyo hiyo, si ya jana.

5. Washa umeme, na uhakikishe pande. Kwenye pH 8.6 protini za seramu huwa na chaji hasi, kwa hiyo albumini inakimbilia upande chanya. Gama hubaki nyuma, na nyingine hurudishwa upande hasi na mwendo wa bafa yenyewe ndani ya jeli. Ukigeuza jeli, utaipoteza kazi yote.

6. Kausha, tia rangi, osha. Osha mpaka sehemu zisizo na protini ziwe wazi kabisa. Jeli iliyooshwa nusu huficha mistari midogo, na hiyo midogo ndiyo tunayoitafuta.

7. Soma kwa macho kwanza. Weka jeli juu ya mwanga. Densitomita iwe bado imezimwa.

Hapa nitakaa kidogo. Kuanzia upande chanya utaona albumini, doa zito lenye kingo laini. Kisha alfa 1, mstari hafifu. Alfa 2. Beta 1, ambayo kubwa yake ni transferini, protini inayobeba madini ya chuma. Beta 2, ambayo ni C3, protini ya kinga. Halafu gama. Linganisha kila njia na kontroli ya kawaida iliyo kando yake na ujiulize maswali matatu. Kuna mstari usiokuwepo kwa jirani? Kuna mstari wa kawaida uliokoza kupita kiasi? Na gama yenyewe ipo?

Swali la tatu ndilo lililonifundisha kazi hii. Miaka ya mwanzo nililetewa seramu ya mtu mwenye maumivu ya mgongo. Protini jumla ilikuwa ya kawaida. Niliitazama jeli, sikuona mstari, nikaandika "hakuna protini M" nikaendelea na nyingine. Baada ya wiki kadhaa ukaja mkojo wa mtu yule yule, figo zimeshaanza kushindwa, na kwenye jeli ya mkojo umesimama mstari wa kapa, mweusi, mnene kama umechorwa kwa kalamu. Nikaitafuta jeli ya kwanza kwenye faili. Mstari kweli haukuwepo. Lakini gama nayo haikuwepo: baada ya beta 2 jeli ilikuwa nyeupe tupu, hata ule ukungu wa kawaida haukuonekana. Ukoo mmoja ulikuwa umezibana koo nyingine zote, na mimi nilikuwa natafuta kilichoongezeka, sikuangalia kilichopungua. Tangu siku hiyo, gama tupu kwa mtu mzima kwangu ni jibu lisilo la kawaida. Lazima ifuatwe na imunofiksesheni (hatua ya 8), mkojo na minyororo miepesi huru, yaani isiyoshikana na mizito (hatua ya 11).

8. Fanya imunofiksesheni. Sampuli moja inawekwa kwenye njia sita: ya kwanza inafungwa protini zote, tano zinazofuata zinapata antisira ya IgG, IgA, IgM, kapa na lamda, kila moja njia yake. Protini iliyokutana na antisira yake inaganda mahali ilipo, nyingine zinaoshwa. Mstari mwembamba kwenye njia ya mnyororo mzito ukinyooka sawasawa na mstari mwembamba kwenye kapa au lamda, umepata aina: IgG kapa, IgA lamda, na kadhalika. Tumia rula. Mistari isiyonyooka pamoja si ya protini moja.

Punguza makali ya sampuli kadiri ya wingi wa protini. Protini ikizidi antisira, mstari unatoboka katikati: kingo nyeusi, moyo mweupe. Wanaoanza huusoma kama mistari miwili na kuandika kuwa mgonjwa ana protini M mbili. Ongeza maji ya chumvi, rudia, utauona umekuwa mmoja.

Usiandike "minyororo miepesi huru" kwa sababu tu umeona kapa au lamda bila IgG, IgA wala IgM. Weka kwanza antisira za IgD na IgE. Mieloma ya IgD ni nadra, lakini ipo, na mara nyingi inakuja na lamda.

9. Kokotoa kiasi. Sasa ndipo densitomita inapoingia. Weka mipaka ya kilele, pata asilimia yake, zidisha na protini jumla. Mfano: protini jumla 98 g/L, kilele 38%. 98 × 0.38 = 37.2 g/L. Kuna njia mbili za kuweka mipaka: kushusha mistari wima mpaka chini, au kukata kwa mshazari ili kuondoa ukungu wa kingamwili za kawaida ulio chini ya kilele. Majibu yake hayalingani. Chagua moja, iandikwe kwenye utaratibu wa maabara, kila mtu aifuate. Mgonjwa anaweza kuonekana amepata nafuu kumbe aliyebadilika ni msomaji.

Kilele kikijificha ndani ya beta, kama IgA inavyopenda kufanya, usilazimishe namba: utakuwa unapima transferini na C3 pamoja nayo. Mwambie daktari afuatilie kwa kipimo cha IgA yote.

10. Shughulikia mkojo. Changanya chombo chote, pima ujazo, kisha chukua sehemu. Pima protini, fanya elektroforesisi na imunofiksesheni kama ya seramu. Mkojo wenye protini kidogo unahitaji kukolezwa kwanza kwa kichujio.

Usitegemee kijiti cha mkojo. Kijiti kinatambua albumini na ni dhaifu sana kwa minyororo miepesi, kwa hiyo "protini hasi" ya kijiti haina uzito kwenye suala hili. Kijiti kikisema hasi na kipimo cha kemia kikaonyesha protini nyingi, tofauti hiyo yenyewe inakuambia kitu.

Hesabu yake: protini 1.8 g/L, ujazo lita 2.2, kilele 60%. 1.8 × 2.2 × 0.60 = 2.38 g kwa saa 24.

Utasikia wazee wa kazi wakiiita protini ya Bence Jones. Henry Bence Jones alikuwa daktari na mkemia wa London aliyeletewa mkojo wa ajabu mwaka 1845. Protini yake huganda ukiupasha moto kiasi, na huyeyuka tena mkojo ukichemka. Kwa miaka mingi maabara zilichemsha mkojo kutafuta jibu. Usifanye hivyo leo, kipimo hicho kinakosea sana pande zote mbili.

11. Pima minyororo miepesi huru kwenye seramu. Kwa kipimo kilichozoeleka zaidi, kapa huru ya kawaida ni 3.3 hadi 19.4 mg/L, lamda huru 5.7 hadi 26.3 mg/L, na uwiano wa kapa kwa lamda 0.26 hadi 1.65. Jibu liko kwenye uwiano. Figo zikishindwa, kapa na lamda hupanda pamoja na uwiano husogea kidogo, ndiyo maana kwa wagonjwa hao wengi hutumia 0.37 hadi 3.1. Kwa hiyo kapa 60 na lamda 50 kwa mtu mwenye figo mbovu si dalili ya mieloma: uwiano ni 1.2. Kapa 900 na lamda 6 ni habari nyingine kabisa: uwiano ni 150.

Namba za watengenezaji tofauti hazilingani. Mgonjwa aliyeanza na kipimo kimoja afuatiliwe na hicho hicho. Na kama jibu halifanani na picha ya jeli, punguza makali ya sampuli na urudie, kwa sababu minyororo ikiwa mingi kupita kiasi mashine inaweza kusoma kidogo.

12. Andika ripoti inayosomeka. Andika kama protini M ipo au haipo, aina yake, kiasi chake kwa g/L, iko eneo gani, hali ya gama iliyobaki, na unachopendekeza kifuate. Usiandike "mieloma". Ugonjwa huo unathibitishwa kwa kuunganisha uboho (seli za plazma za ukoo mmoja 10% au zaidi, au uvimbe wa seli hizo uliothibitishwa kwa kipande cha nyama) na madhara mwilini: kalsiamu, figo, upungufu wa damu, mifupa. Vigezo vya kimataifa vya 2014 vimeongeza alama tatu zinazotosha hata bila madhara hayo: seli za plazma 60% au zaidi, uwiano wa mnyororo uliopanda kwa mwenzake wa 100 au zaidi huku uliopanda ukifika 100 mg/L, na zaidi ya jeraha moja la mfupa kwenye picha ya MRI.

Watu wengi wenye protini M ndogo, chini ya 30 g/L, uboho chini ya 10% na bila madhara, hawana saratani. Hufuatiliwa tu, na karibu 1% kwa mwaka ndio hugeuka kuwa na mieloma au ugonjwa wa jamii yake. Neno moja la haraka kwenye ripoti yako linaweza kumnyima mtu kama huyo usingizi kwa miezi.

Mambo yakikwama

Mstari mwembamba kati ya beta na gama, imunofiksesheni haioni kitu. Karibu kila mara ni faibrinojeni. Hakikisha tyubu ilikuwa ya seramu, omba sampuli mpya iliyoganda vizuri. Angalia pia kama mstari upo mahali pale pale kwenye njia zote, kontroli ikiwemo. Ukiwepo, hiyo ni alama ya mahali sampuli ilipowekwa.

Beta 1 imekoza peke yake. Uliza kuhusu upungufu wa madini ya chuma. Transferini hupanda hapo. Imunofiksesheni itakutoa wasiwasi.

Gama yote imevimba, pana. Hizo ni koo nyingi zilizoamka pamoja, kama kwenye maambukizi ya muda mrefu, VVU au ugonjwa wa ini. Kwenye imunofiksesheni utaona ukungu kwenye kapa na kwenye lamda pia. Lakini upitishe jicho ndani ya ukungu huo: mstari mwembamba unaweza kujificha humo.

Mistari miwili, yote IgA, yote kapa. Huenda ni protini moja iliyoshikana mbili mbili. Tibu seramu kwa merkaptoethanoli, kemikali inayoachanisha molekuli zilizoshikana, kisha urudie. Ikiungana kuwa mmoja, ni protini moja. IgM nayo hufanya hivyo, na wakati mwingine hukataa kabisa kutoka mahali ilipowekwa.

Mnyororo mzito umeonekana, mwepesi haupo. Badilisha kiwango cha kupunguza makali kwanza, jaribu merkaptoethanoli, jaribu antisira ya mtengenezaji mwingine. Baadhi ya IgA lamda huficha lamda yake. Ikishindikana kote, mjulishe daktari, kwa sababu upo ugonjwa nadra wa minyororo mizito peke yake.

Kila kitu ni safi, lakini mifupa inaharibika. Seramu, mkojo na minyororo huru zikiwa safi zote, bado wapo wagonjwa wachache sana ambao seli zao hazimwagi kitu nje. Andika wazi kwamba majibu haya hayaondoi mieloma na upendekeze uboho uangaliwe.

Mgonjwa aliyekuwa IgA lamda sasa ana mstari mdogo wa IgG kapa. Usitangaze ugonjwa mpya. Daratumumab, dawa inayotumika sana kwa mieloma, yenyewe ni kingamwili ya IgG kapa, na huonekana kwenye jeli kama mstari mwembamba upande wa mwisho wa gama. Baada ya kupandikizwa uboho pia hutokea mistari midogo midogo huku kinga ikirudi. Linganisha na jeli za zamani, kisha piga simu wodini uulize ni dawa gani anapata na dozi ya mwisho ilikuwa lini.